Mchanga wa Lukuga: Dhoruba za Ziwa Tanganyika na Mabishano ya Wasafiri, 1871–1880

Mto Lukuga hutoka katika Ziwa Tanganyika mahali ulipo leo mji wa Kalemie, ukaelekea magharibi kwa mwendo wa kilomita 320 hivi, kisha ukamwaga maji yake katika Lualaba chini kidogo ya Kabalo. Kutoka hapo maji hayo hupita Kongolo, Kasongo na Nyangwe, hata yakafika Kindu. Mkaazi wa Kindu ayatekaye maji mtoni alfajiri hana sababu ya kuuliza ni kiasi gani kimetoka Katanga na kiasi gani kimetoka ziwani. Lakini katika karne ya 19 swali hilo liliwashughulisha wataalamu wa jiografia wa Ulaya, na jawabu lake likawa limezibwa, kwa maana halisi ya neno hilo, na fungu la mchanga.

Burton na Speke walifika Ujiji mwezi Februari 1858. Tangu hapo ilijulikana kwamba maji ya ziwa hilo kubwa ni matamu, yaani hayana chumvi ya kumzuia mtu kuyanywa. Jambo hilo lilileta utata. Ziwa lipokealo mito pande zote bila kuwa na mlango wa kutokea maji hulimbikiza chumvi kadiri maji yanavyogeuka kuwa mvuke; basi maji yakiwa matamu, sharti pawepo na mlango. Wengi waliudhania kuwa ni Rusizi, upande wa kaskazini. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda pamoja hadi mdomo wa Rusizi, wakaona kwa macho yao kuwa mto huo unaingia ziwani, hautoki. Ikabakia kuutafuta mlango mahali pengine.

Habari za kupatikana kwa Lukuga zimesimuliwa mara nyingi kama mashindano ya watu wawili, Cameron na Stanley, mmoja akisema mto unatoka, mwingine akisema hautoki. Masimulizi ya namna hiyo yana kasoro kubwa. Yanachukulia kwamba mahali walipopaona palikuwa pamoja, hali mdomo wa mto ulio katika ufuko wa mchanga haukai hivyo. Dhoruba huujenga, huubomoa na kuuhamisha, na mtu akija mwezi Mei hakioni anachokiona mwenzake ajaye Julai. Ili kuwatendea haki wasafiri hao, na zaidi wenyeji waliowapa habari, hapana budi kwanza kueleza kazi ya upepo na mawimbi katika pwani ya ziwa.

Bahari inayopiga Zanzibar na Mombasa hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Ufuko wa huko hupangwa upya kila siku kwa ratiba ya mwezi. Ziwa Tanganyika halina kujaa na kupwa kwa namna hiyo. Maji yake hupanda taratibu wakati wa masika, hufikia kilele mnamo Aprili au Mei, kisha hushuka hadi mwishoni mwa kiangazi; tofauti ya kawaida katika mwaka mmoja haifiki mita moja. Kwa hiyo mwenye amri juu ya mchanga ni upepo. Tena ni upepo wenye uwanja mpana wa kukimbilia: ziwa lina urefu unaozidi kilomita 650 kutoka kusini hadi kaskazini, nalo limelala ndani ya Bonde la Ufa kati ya kuta mbili za milima zinazouelekeza upepo kama mrija. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa siku nyingi mfululizo. Kadiri upepo unavyopata nafasi ndefu ya kuyasukuma maji, ndivyo wimbi linavyokua, na pwani ya magharibi, iliko Kalemie, hupokea mawimbi hayo kwa mshazari.

Wimbi la mshazari likipanda ufukoni hubeba chembe za mchanga kuelekea upande upepo unakokwenda. Likirudi, hurudi kwa njia iliyonyooka kuelekea majini. Chembe hiyo hiyo ikapandishwa tena kwa mshazari na kushushwa tena moja kwa moja. Hivyo, hatua baada ya hatua, mchanga wote wa ufuko husafiri kandokando ya pwani. Ukifika penye mdomo wa mto hukatizwa na mkondo. Mto wenye nguvu huusukuma nje. Mto dhaifu hushindwa, na mchanga hujitandaza mbele yake kama ulimi, mwishowe ukawa tuta linalofunga mlango, au linaloacha upenyo mwembamba tu.

Dhoruba yenyewe ina kazi mbili zinazopingana. Mawimbi yake ni makali na hufuatana upesi. Maji yanayorudi huwa na nguvu ya kuukwangua mchanga wa juu ya ufuko na kuuweka chini ya maji, umbali mdogo kutoka pwani, ukawa kizingiti kisichoonekana ila kwa povu la mawimbi yanayovunjika juu yake. Siku za utulivu zikifuata, mawimbi mapole huurudisha mchanga huo nchi kavu kidogo kidogo. Lakini dhoruba ikitokea maji ya ziwa yakiwa juu, mawimbi hulivuka tuta zima na kuumwaga mchanga nyuma yake, upande wa bara, katika tabaka bapa. Chembe nyepesi huchukuliwa, zile nzito na nyeusi hubaki zikachora mistari. Mwenye kuchimba kidogo katika tuta la namna hiyo hukuta mistari meusi na myeupe ikipishana, pamoja na changarawe na makombe, na kila mstari mweusi waweza kuwa ni siku moja ya hasira ya ziwa.

Dhoruba za masika ni za namna nyingine. Hizo huja na radi, hupiga kwa saa moja au mbili, na mvua yake huporomosha udongo wa milimani kupitia vijito. Kwa hiyo mdomo wa Lukuga ulishambuliwa kutoka pande mbili: kiangazi kilileta mchanga kutoka ziwani, masika yakaleta tope kutoka bara. Juu ya tope hilo yalistawi mafunjo na matete, na mizizi yao ikafunga kazi ya dhoruba zote mbili kama mshipi.

Verney Lovett Cameron alifika mahali hapo mwanzoni mwa Mei 1874, akitokea Ujiji kwa mitumbwi kupitia pwani ya kusini. Aliyoyaandika yanastahili kusomwa na kila apendaye kujua habari za fuko. Alikuta mlango wenye upana wa zaidi ya maili moja, lakini sehemu kubwa yake imefungwa na fungu la mchanga lililoota majani. Upenyo uliobaki ulikuwa wa yadi 300 au 400. Hata upenyo huo ulikuwa na kizingiti chini ya maji, ambacho mawimbi huweza kuvunjika juu yake kwa nguvu, ingawa kina chake kilizidi pima moja. Aliingia ndani maili chache, akaona maji yakienda upande wa bara, kisha akazuiwa na majani yanayoelea yaliyoshonana. Mwenyeji mkubwa wa mahali hapo alimweleza kwamba watu wake wamesafiri zaidi ya mwezi kufuata kingo za mto huo mpaka unapoingia katika Lualaba. Cameron aliyaamini maneno hayo, ila hakuweza kuyathibitisha kwa miguu yake. Agosti ya mwaka huo huo alikuwa Nyangwe, hapa Maniema, akiyapima maji ya Lualaba bila kuwa na njia ya kutambua ni yapi kati yake yaliyopita katika upenyo ule.

Fungu, upenyo, kizingiti, ulimi wa majani: mambo hayo manne ndiyo sura kamili ya mto dhaifu unaoshindana na mawimbi. Cameron, akiwa ofisa wa jeshi la maji la Uingereza, aliyajua mafungu ya mchanga kwa kuwa ni hatari kwa chombo, na pengine ndiyo sababu aliyaeleza kwa uangalifu kuliko wengine.

Henry Morton Stanley alikuja miaka miwili baadaye. Alipofika Ujiji mwaka 1876 jambo la kwanza lililomgusa lilikuwa ufuko wenyewe. Minazi mitatu aliyoiacha mwaka 1871 ikiwa imesimama sokoni sasa ilikuwa imezungukwa na maji, futi 100 hivi kutoka ukingoni. Na ule mchanga ambao yeye na Livingstone walizoea kuutembelea asubuhi ulikuwa chini ya ziwa, zaidi ya futi 200 kutoka pwani mpya. Ziwa lilikuwa linapanda mwaka hadi mwaka. Hapakuwa na haja ya chombo cha kupimia, minazi ilitosha.

Julai 1876 Stanley aliingia Lukuga, akiwa na Para, kiongozi yule yule aliyekwenda na Cameron. Alifanya jaribio ambalo, likitazamwa leo, lina thamani kuliko hitimisho alilolitoa. Alitia kibao majini akakifuatilia kwa saa. Upepo wa kusini-mashariki ulipovuma, kibao kilikwenda upande wa bara. Ulipotulia, kilirudi upande wa ziwa. Ndani zaidi alikuta matope na mafunjo. Akaamua kwamba Lukuga kwa wakati ule haukuwa mto utokao ziwani bali ghuba iliyoziba, ila akatabiri kwamba ziwa likiendelea kupanda kwa miaka michache, maji yatalivunja zuio na kutoka kwa nguvu.

Waliomtetea Cameron walilichukua jambo hilo kama tusi. Waliomtetea Stanley wakaona Cameron ameota ndoto. Lakini tarehe zenyewe zatosha kusema. Cameron alikuja Mei, maji ya ziwa yakiwa katika kilele chake cha mwaka, na upepo mkuu wa kiangazi ukiwa bado haujashika. Stanley alikuja Julai, maji yameanza kushuka, upepo umeshika, na mchanga uko safarini. Kile kibao chake kilichokwenda na kurudi chaonyesha wazi kwamba mteremko wa maji mlangoni ulikuwa mdogo mno hata pumzi ya upepo ikaweza kuugeuza. Mkondo wa namna hiyo hauwezi kufagia fungu la mchanga. Maji aliyoyaona Cameron yakitoka yalitoka kweli, na yale ambayo Stanley hakuyaona yakitoka hayakutoka kweli.

Hapa ndipo panapostahili kuulizwa habari za ushahidi wa wenyeji, kwani katika mabishano yote hayo wao ndio waliotajwa kwa uchache na kuaminiwa kwa uchache zaidi. Mazungumzo ya misafara hiyo yaliendeshwa kwa Kiswahili. Wapagazi na viongozi walitoka Zanzibar, Bagamoyo, Unyamwezi na Ujiji, na Kiswahili chao kilikutana na lugha za pwani ya magharibi kwa njia ya mkalimani. Swali lililoulizwa lilikuwa la namna moja: mto huu unaingia ziwani au unatoka? Kiswahili, kama lugha nyingine nyingi, humlazimisha mwenye kujibu achague kitenzi kimoja. Mtu aliyeishi kando ya Lukuga angeweza kujibu kwamba unatoka, akikumbuka masika. Au kwamba unaingia, akikumbuka siku za kusi. Au kwamba umeziba, akiutazama ufuko ulio mbele yake. Wasafiri walipokusanya majibu hayo waliona ni uongo au ujinga, kumbe yalikuwa ni maelezo matatu ya mahali pamoja katika nyakati tatu. Na yule aliyemwambia Cameron kwamba kingo za mto hufika Lualaba baada ya safari ya mwezi mmoja alisema kweli tupu. Hakuna mzungu aliyemzidi kwa habari hiyo wakati ule.

Utabiri wa Stanley haukungoja sana. Ziwa lilifikia kimo chake cha juu mwaka 1878, likalivunja zuio. Edward Coode Hore, baharia aliyetumwa na London Missionary Society, alifika Ujiji Agosti ya mwaka huo, na mwaka 1879 akaenda Lukuga. Alikuta mto unaokwenda kwa nguvu kuelekea magharibi. Joseph Thomson alipofika mwishoni mwa 1879 aliona hivyo hivyo. Mafunjo yalikuwa yameng'olewa na tope limekatwa. Lile fungu lililokuwa limejengwa kwa miaka mingi, punje kwa punje, lilipata mpinzani asiyemweza, kwa sababu sasa maji yalikuwa na mteremko. Mkondo ulipozidi kuchimba, mlango ulizidi kushuka. Mlango uliposhuka, maji mengi zaidi yalitoka. Katika muda usiofika miaka 20 ziwa lilishuka kwa mita zipatazo 10.

Mita 10 katika pwani yenye mteremko mpole ni shamba zima, na penginepo ni kijiji kizima. Ujiji, uliokuwa umekaribia kumezwa, ukajikuta mbali na maji. Ziwa halikushuka kwa mwendo mmoja. Lilisimama hapa na pale, na kila liliposimama dhoruba za kiangazi zilipata nafasi ya kulundika tuta jipya kabla maji hayajaliacha. Pwani iliyo bapa yaweza kubaki na matuta ya namna hiyo, moja nyuma ya jingine, la zamani likiwa la juu. Mengine yamejaa makombe ya konokono mkubwa wa ziwa hilo, ambaye wataalamu humwita Neothauma. Makombe hayo yametandazwa pia chini ya maji katika eneo kubwa la sakafu ya ziwa isiyo na kina kirefu. Mawimbi huupeperusha mchanga mwembamba na kuyaacha yenyewe, kama mwanamke apetaye mpunga akabakiwa na punje.

Msomaji wa Kindu asije akadhani kwamba mafungu ya mchanga ayaonayo Lualaba wakati wa kiangazi yamejengwa hivyo. Hayo ni kazi ya mkondo, wala si ya dhoruba. Dalili ya wazi ni vile vikunjo vidogo vinavyoonekana juu ya mchanga uliotoka majini karibuni. Vikunjo vya mkondo vina upande mmoja mrefu wenye mteremko mpole na upande mwingine mfupi ulio wima, ukielekea chini ya mto. Vikunjo vya mawimbi vina pande mbili zilizo sawa, kwa kuwa wimbi huenda na kurudi. Penye mdomo wa Lukuga aina hizo mbili huweza kukutana katika hatua chache, na mpaka kati yake huhama kila msimu. Kama Stanley angeinama kuutazama mchanga badala ya kukitazama kibao peke yake, angeyaona mashindano yale yale yameandikwa chini.

Ukoloni ulipokuja na mipango yake ya usafiri haukuweza kuipuuza tabia hiyo ya pwani. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL, ilikuwa imekwisha unganisha Kindu na Kongolo kwa reli mwaka 1911, ili kuyazunguka maporomoko yanayoitwa Milango ya Jehanamu. Mwaka 1915 reli nyingine kutoka Kabalo ilifika ziwani kwa kulifuata bonde la Lukuga. Hivyo njia ya chuma ikafuata njia ile ile ya mwezi mmoja aliyoambiwa Cameron. Waingereza walipoleta mashua zao mbili za vita, Mimi na Toutou, kupigana na Wajerumani ziwani mwishoni mwa 1915, hawakuridhika na mlango wa Lukuga kuwa kituo chao. Bandari ilijengwa kwa mawe kusini kidogo, penye Kalemie, mji uliojulikana baadaye kwa jina la Albertville mpaka baada ya uhuru. Meli za chuma nazo, kama mitumbwi ya Cameron, zilihitaji mahali ambapo mchanga hautahama.

Hadithi ya zuio haikwisha mwaka 1878. Mvua kubwa za 1961 na 1962 ziliyapandisha maziwa yote ya Afrika Mashariki, na Tanganyika likafikia kilele kingine mwaka 1964. Baadaye lilishuka, na watu wakajenga katika nchi iliyoachwa, kama walivyofanya wazee wao baada ya 1878. Kuanzia 2020 maji yalirudi. Nyumba za Kalemie zilizo karibu na ziwa na kando ya Lukuga zilifurika mwaka 2020 na 2021, na tena mwaka 2024. Uvira na Bujumbura, upande wa kaskazini, nazo zilipatwa. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 dhoruba ya mvua juu ya milima ya Uvira iliujaza mto Mulongwe, ukabeba mawe, tope na makumi ya watu. Hiyo ni dhoruba ya namna ya pili, ile ya masika, itokayo bara.

Katika mafuriko hayo ilionekana mara nyingi kwamba kimo cha maji peke yake hakikutosha kuziangusha nyumba. Ukuta waweza kusimama siku kadhaa ndani ya maji yaliyotulia. Kilichouangusha ni wimbi la kiangazi lililokuja baada ya mvua kwisha, likauchimba msingi na kuuhamisha mchanga uliokuwa chini yake. Mchanga huo haukupotea. Sehemu yake ilitandazwa nyuma ya nyumba, katika viwanja na njia, tabaka bapa lenye mistari myeusi, juu ya mabaki ya dhoruba za zamani.